Mwaka Nilipopika Hopsi Kwenye Chungu cha Chachu

Chungu kilifika kwangu Vwawa kikiwa kimekaa kiti cha mbele cha gari aina ya Noah, kimefungwa mkanda na kuvishwa kitenge kipya, huku wajukuu watatu wa Yunisi wamejibana kiti cha nyuma, magoti yakigusa videvu. Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi nikashangaa. Sijawahi kuona chungu kinapewa heshima ya namna hiyo, na mimi mwenyewe, pamoja na uzee wangu na miguu hii inayovimba, sijawahi kukalishwa mbele na Yunisi hata siku moja. Alishuka, akanikumbatia kwa muda mrefu, kisha akaenda kufungua mkanda. "Mama aliacha neno," akasema. "Alisema nguo zake tugawane, shamba tugawane, ila chungu kiende kwa Atupele, kwa sababu yeye ndiye aliyekinyamazisha." Tulikuwa tumemzika Mama Namwinga, mama yake Yunisi, mwezi mmoja kabla, Tunduma, na kule makaburini sikulia. Nilishughulika na sufuria na wageni, kama kawaida yangu. Nililia hapo mlangoni, na mwiko wangu, mbele ya watoto wa watu.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikotoka na kwa nini niliondoka ni habari ndefu isiyo na faida kwa mtu yeyote. Itoshe kusema kwamba nilishuka Tunduma na begi moja, na Mama Namwinga akanipokea kwa sababu alihitaji mtu wa kutwanga na kusaga, na mimi nilihitaji pa kukaa. Songwe haikuwa mkoa bado, sote tulikuwa watu wa Mbeya, na malori yaliyosubiri kuvuka mpaka wa Zambia ungeweza kuyahesabu ukiwa umesimama mahali pamoja. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba vitatu vya matofali ya kuchoma, na nyuma yake palikuwa na jiko jeusi kwa moshi, kiasi kwamba ukiegemea ukuta unatoka na bega jeusi. Upande mmoja palikuwa na mafiga, upande wa pili pipa la pombe, nyungo zimetundikwa ukutani, na pembeni kabisa, mbali na moto, juu ya ngata ya majani makavu ya migomba, kilikaa chungu. Hakikuwa kikubwa, mtu angeweza kukikumbatia. Mama Namwinga alikirithi kwa mama yake, na ndani yake alitunza chachu. Sheria zake zilikuwa mbili tu, na niliambiwa siku ya kwanza kabla hata sijaonyeshwa choo: chungu hakioshwi, na chungu hakipandi motoni. Chachu inaishi ukutani mwake, alisema, ndani ya udongo wenyewe. Kila tulipotaka kupika pombe ya ulezi tulimimina humo uji mwembamba uliopoa, tukatia kimea, yaani ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa, halafu tukaacha. Kesho yake unaweka sikio kwenye mdomo wa chungu na unakisikia kinasema: vipovu vidogo vinapasuka kimoja kimoja, tsi, tsi, tsi, kama akina mama wanaoteta kanisani wakati wa mahubiri. Kikishasema, ndipo tunakimimina chote kwenye pipa. Mama Namwinga hakupika kwa saa. Alipika kwa sikio.

Mchana tulikula palepale jikoni, mimi, yeye na Yunisi binti yake, ugali na maharage, na siku njema kapenta, wale dagaa waliotoka ng'ambo kwa magunia. Kati yetu na wanywaji palikuwa na ukuta wa matete tu, kwa hiyo tulikula chakula chetu pamoja na maneno yao. Madereva, wabeba mizigo, wakulima walioshusha mahindi, wote waliongea kama vile matete ni zege. Alikuwapo pia mzee mmoja wa kanisa ambaye kila Jumapili alikaa mstari wa mbele. Yeye alikuja na kikombe chake chenye mfuniko, akanywa akiwa amesimama, na sote tulikubaliana kukiita kile alichokunywa togwa, kinywaji kisicholevya. Mama Namwinga naye alikuwa muumini, ila kwa sababu ya kazi yake alikaa benchi la mwisho, na nadhani alilipenda benchi hilo kwa kuwa lilikuwa karibu na mlango.

Nyuma ya matete yale ndipo tuliposikia jambo lililotuharibia mlo. Yunisi alikuwa ameposwa na mwalimu wa shule ya msingi kutoka milima ya Ileje. Siku ya kumpeleka binti, kwa taratibu za pande zote mbili, mama yake hupeleka pombe aliyoipika kwa mkono wake na kwa chachu ya nyumbani kwake. Wazee wa mume huionja kabla ya neno lolote kusemwa. Ikiwa nzuri, binti anaingia kwa mlango wa mbele na vigelegele. Ikiwa imeharibika hakuna atakayemrudisha, ila ataingizwa kwa mlango wa nyuma, kimya, na maneno yatamfuata mpaka azeeke. Sasa dereva mmoja wa lori, ambaye hakujua kuwa tunamsikia, akasema: "Huyu mama anapeleka pombe Ileje mvua hizi? Lori likilala tope ni siku nne hizo. Pombe ya ulezi siku ya tatu ni siki, ya nne unamwagia mbwa." Wenzake wakacheka. Mama Namwinga aliacha kula. Tonge lake lilibaki kwenye sahani likiwa na alama ya vidole, na Yunisi akatazama chini. Mimi, ambaye siku zote nimekuwa na kiherehere, nikaamua siku hiyohiyo kwamba jambo hili nitalimaliza mimi.

Jirani yetu wa tatu alikuwa mzee aliyeitwa Siwale. Sote tulimwita Batata, kama wanavyowaita baba zao watu wa ng'ambo, kwa sababu alikuwa amefanya kazi huko Zambia, kwenye kiwanda cha bia, katika chumba cha kuchemshia, mpaka alipostaafu akarudi. Kiswahili chake kilikuwa kimechanganyika na Kibemba, na hakunywa pombe yetu. Alikuja, akaketi, akaomba maji. Nilikwenda kwake nikamuuliza bia ya kiwandani inakaaje miezi mingi bila kuharibika. Akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa mpira wa baiskeli, akalifungua taratibu kama mtu anayefungua jeraha. Ndani mlikuwa na maua makavu ya kijani, membamba, yamejikunja kama vikabichi vidogo vidogo. Harufu yake iliniingia puani na mpaka leo haijatoka: majani mabichi yaliyofyekwa, mchaichai, na kwa mbali pilipili manga.

"Hizi ndizo hopsi, mwanangu," alisema. "Bila hizi, bia ni uji."

"Nipe kidogo, Batata. Nizitie kwenye pombe ya Yunisi."

"Awe, iwe!" Alikataa kwa Kibemba, akafunga kopo. "Hizi ni hopsi za laga. Za asili kabisa, za pole, zinatoka Ulaya. Laga ni bia ya baridi. Inalala kwenye matangi wiki kwa wiki, kimya kama mgonjwa. Pombe yenu ni ya joto, siku mbili tu imeshapiga kelele imemaliza. Wazungu nao wana ya joto, wanaiita eli, na ina hopsi zake, kali. Hizi pole ukizitia kwenye ulezi zitapotea. Utakuwa umeharibu ulezi na umeharibu hopsi."

"Sasa Batata, kama haziingii kwenye pombe, unazitunzia nini?"

Alifikiri kidogo. "Nanusa," akasema.

Nikamwomba ninuse na mimi. Nadhani ombi hilo ndilo lililomlainisha, maana alifungua tena kopo, akanitilia viganja viwili kwenye kipande cha gazeti. "Kwa ajili ya binti," akasema. "Ila zichemke saa nzima. Zisipochemka hazitoi dawa yake."

Wiki hiyo Mama Namwinga na Yunisi walikwenda Mbozi Mission kwenye mkutano wa akina mama, siku mbili, na kwa kuwa alipangiwa kupika, alibeba sufuria letu kubwa. Nilibaki peke yangu na furaha yangu. Pombe mpya ilikuwa kwenye pipa, tumeianzisha jana yake, na chungu kilikuwa kitupu kwa sababu chachu yote tulikuwa tumeimimina humo. Nilitafuta chombo cha kuchemshia. Sufuria dogo lilinuka mafuta ya kapenta. Nikakitazama chungu. Nikajiambia: hopsi ni kiungo cha pombe, na chungu ni mama wa pombe, acha wafahamiane. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo, na sioni haya kuisema sasa kwa sababu watu wengi wenye umri ule nimewaona na akili pungufu zaidi. Nikakipandisha kwenye mafiga, nikatia maji na hopsi, nikachochea kuni. Zilichemka saa nzima. Jiko lote likanuka kama bustani iliyofyekwa, nikavuta pumzi mpaka kichwa kikawa chepesi. Yale maji ya kijani yalipopoa niliyatia kwenye dumu, nikaongeza pombe changa kutoka kwenye pipa mpaka dumu likajaa, nikalegeza kifuniko, nikalificha chini ya kitanda changu ili liwe zawadi ya kushtukiza. Kisha nikaona utando wa mafuta umeganda ndani ya chungu. Nikachukua majivu na maji nikakisugua mpaka kikang'aa. Sheria zilikuwa mbili na nilizivunja zote mchana mmoja, nikiimba.

Mama Namwinga aliporudi, na pipa likishanywewa na kuoshwa, alimimina uji kwenye chungu kama kawaida. Kesho yake aliinama, akaweka sikio. Akainuka, akavua kitambaa kichwani, akaweka tena sikio. Siku ya tatu uji ulikuwa umeoza, unanuka vibaya, haukuwa na hata kipovu kimoja. Akamwaga, akarudia na ulezi mwingine. Akarudia mara ya tatu na maji ya kisima cha mbali. Mimi nilikuwa nimesimama pale na ungo mkononi kila mara, na mara ya kwanza sikuelewa, mara ya pili nikaelewa, na mara ya tatu nilikuwa najua kila kitu na sikusema neno. Kwetu sisi wapishi wa pombe, chachu ikikataa hakuna anayelaumu unga wala maji. Wanasema mkono umekwisha. Mwanamke anaweza kupika miaka thelathini, halafu siku moja mkono unamwacha, na hapo hakuna dawa. Nyuma ya matete wakaanza kusema. "Mkono wa Mama Namwinga umekwenda," mmoja alisema, kwa huruma kabisa, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko kicheko. "Mwacheni apumzike. Ameshatunywesha vya kutosha." Yeye alikuwa anakula wakati huo. Aliendelea kutafuna, ila alitafuna tonge lilelile kwa muda mrefu mno.

Nilikaa hivyo karibu wiki mbili. Nataka niseme ukweli kuhusu siku zile, kwa sababu watu wakizeeka hupenda kujipaka mafuta. Sikunyamaza kwa sababu nilikuwa natafuta maneno mazuri. Nilinyamaza kwa woga. Niliogopa kurudishwa nilikotoka na begi langu moja. Nilipika, nilifagia, nilikuwa na adabu kuliko wakati wowote, nikamkandia miguu jioni, na kila alipotazama viganja vyake, akivigeuza juu chini, nilitoka nje nikajifanya naita kuku. Nilimpenda yule mama. Nilikuwa nimeanza kumpenda tangu mwezi wa kwanza, na bado nilimwacha akijiona amekwisha.

Kilichonivunja ni kitambaa. Ilikuwa asubuhi, amevaa kanga zake za kutokea, anajiandaa kwenda Chapwa kumwomba mama mmoja wa huko ampikie pombe ya harusi. "Yunisi ataingia kwa pombe ya mkono mwingine," alisema, akijitahidi kuongea kama mtu anayezungumzia mvua. "Si kifo. Nitawaambia wazee ukweli, wataamua wao." Akavua kile kitambaa cheupe alichokuwa akijifunga kila alipopika, kile ambacho hakuna mwingine aliyekigusa, akakikunja mara nne, akaniwekea mapajani. "Chukua wewe. Mkono wako bado mchanga. Utapika."

"Mama," nikasema, "ni mimi."

"Wewe nini?"

"Chungu. Nilikipandisha motoni. Nilichemsha hopsi za Batata humo, nyie mlipokwenda mkutanoni. Halafu nikakiosha."

Alisimama vilevile. "Ulikiosha?"

"Ndiyo, Mama."

"Kwa maji?"

"Kwa maji na majivu."

Nilisubiri mwiko, au kofi, au begi langu kutupwa nje, na vyote hivyo ningevipokea. Alikaa kwenye kigoda. Akainua viganja vyake akavitazama, kile cha kulia kisha cha kushoto. "Kwa hiyo si mkono," akasema polepole.

"Si mkono, Mama. Mkono wako haujaguswa."

Akaanza kucheka. Alicheka huku machozi yanatiririka, akanyakua kile kitambaa mapajani mwangu akaanza kunichapa nacho mgongoni, mabegani, kichwani. "Mshenzi wewe! Wiki mbili najiona maiti! Wiki mbili, na wewe unakula ugali wangu, unanikanda miguu!" Yunisi akaja mbio kutoka nje akidhani kuna nyoka. Mama Namwinga akamwambia, "Mwanangu, si mkono!" kisha akanichapa tena. Alipochoka alijifunga kitambaa kichwani mwake mwenyewe, akakifunga kwa nguvu, na mimi nikalia kwa sauti kama mtoto.

Ndipo akauliza swali ambalo mimi kwa ujinga wangu sikuwa nimejiuliza. "Na hiyo pombe uliyoipika na majani ya Batata, uliimwaga wapi?" Nikamwambia sikuimwaga. Nilikuwa nimelisahau dumu, au tuseme niliogopa kulitazama. Nikalitoa chini ya kitanda, nikalileta jikoni nikiwa nimelikumbatia. Alipofungua kifuniko pumzi ilitoka, fyuu, na harufu ile ya majani ikajaa jikoni. Tulitegemea siki. Haikuwa siki. Ilikuwa angavu kidogo, imetulia, na chini kabisa yamekaa mashapo mazito. Mama Namwinga alinitazama. "Hii uliijaza kutoka kwenye pipa? Pipa lile tuliloanzisha na chachu ya chungu?" Nikaitikia. Akamimina pombe yote kwenye ndoo, akayabakiza mashapo, akayatilia uji wa vuguvugu na kimea, akafunika kwa ungo. Hakwenda Chapwa. Tulipika ugali, tukala, kila mmoja akijifanya hana habari na dumu. Kabla hatujanawa mikono aliinuka, akapiga magoti, akaweka sikio.

"Ni yeye," akasema. Sikujua kama ana maana ya chachu au mama yake mwenyewe aliyemwachia, na sikumuuliza. Akanivuta kichwa akanibana sikio kwenye mdomo wa dumu. Tsi, tsi, tsi. Chachu ya nyumba ile, niliyoiua kwenye chungu, ilikuwa hai chini ya kitanda changu siku zote nilizokuwa nalala juu yake na woga wangu.

Pombe iliyokuwa kwenye ndoo tuliionja baadaye, kwa tahadhari. Mama Namwinga alitema. "Hii ni dawa ya malaria!" Lakini akalamba midomo, akachota tena kidogo. Ilikuwa na uchungu kupita kiasi, ila chini ya uchungu ule ulezi ulikuwepo, mtamu, na haikuwa imeharibika baada ya karibu wiki mbili. Tukamwita Batata. Yeye ambaye hakuwahi kunywa kwetu kitu zaidi ya maji alishika kikombe kwa mikono miwili, akanusa, akanywa, akafumba macho. "Awe," akasema. Akanywa tena. "Awe mukwai, hapana jamani. Nilisema zitapotea. Hazikupotea, ulezi umezibeba. Kule kiwandani, kwenye baridi ile, hatukuwahi kuzisikia hivi." Kisha akaanza kutufundisha kama mtu aliyerudishwa kazini: nilitia nyingi mno, nilizichemsha zote, ndiyo maana uchungu umetawala. Kidogo zichemke saa nzima kwa ajili ya kutunza, na nyingine zitiwe mwisho kabisa, sufuria likishaepuliwa, lifunikwe, ili zitoe harufu tu. Akaenda nyumbani akarudi na kopo zima, akalimwaga lote kwenye ungo wa Mama Namwinga. Kopo lenyewe aliomba arudi nalo. Alisema bado litakuwa na harufu.

Tulipika pombe ya harusi kwa sufuria kubwa, kwa mashapo ya dumu, na kwa mkono wa Mama Namwinga. Mimi nilichochea kuni tu, sikuruhusiwa kugusa kingine. Yule dereva mdomo mrefu alikuwa sahihi kuhusu barabara. Tulipita Mpemba vizuri, halafu mvua ikafunguka, lori likazama, tukavutwa, likazama tena, na tulifika kwa wakwe siku ya nne tukiwa na tope mpaka kwenye nyusi. Madumu yetu yalikuwa yamekaa kati ya magunia, na Mama Namwinga hakufungua hata moja njiani. Alisema kama imekufa hataki kujua kabla ya wengine. Yunisi alikuwa amevaa viatu vyeupe alivyovifunga kwa mifuko ya nailoni, na alivitazama vile viatu kilometa zote.

Walituketisha ukumbini kwenye mikeka, Yunisi akabaki nje akisubiri. Mama Namwinga alionja wa kwanza, kama inavyompasa anayeleta, na uso wake haukuonyesha chochote. Kisha kikombe kikaenda kwa shangazi mkubwa wa mwalimu, mama mmoja mkavu, mwenye macho makali, ambaye nilimwogopa kuliko barabara. Alikunywa kidogo. Akamgeukia mdogo wake, na kwa kuwa hawakujua kuwa mimi ni Mndali kama wao, nilisikia kila kitu. "Ina uchungu," alisema kwa Kindali. "Uchungu wa nini?" mdogo wake akauliza. Shangazi akanywa tena, safari hii funda zima. "Sijui. Kama majani ya mlimani asubuhi. Imetoka Tunduma siku nne, na haijachacha. Onja." Mdogo wake akaonja, na hakurudisha kikombe. Walianza kugombania kikombe, wale mabibi wawili, mbele ya wageni, kwa sauti ya chini na kwa heshima zote. Ndipo shangazi akamtazama Mama Namwinga, akasema kwa Kiswahili, ili sote tusikie: "Mama, mkono wako ni mzuri." Na Mama Namwinga, aliyekuwa amevumilia tope siku nne bila kulalamika, akafunika uso kwa kanga. Vigelegele vikaanzia mlango wa mbele. Yunisi akafungua mifuko ya nailoni, akaingia na viatu vyeupe.

Chungu hakikuamka. Mama Namwinga alijaribu kukirudishia chachu mwaka ule na mwaka uliofuata, lakini udongo ulikuwa umekunywa hopsi zote zile na kila uji uliotiwa humo ulikaa kimya. Akasema kipumzike, akawa anawekea humo mbegu za ulezi, na chachu akaitunza kwenye ndoo. Nilipoolewa nikahamia Vwawa alinipa mashapo kwenye chupa ya chai, na tangu siku hiyo nimeyalisha uji kila wiki, hata wiki niliyojifungua, hata wiki nilipofiwa na mume wangu. Siku hizi mjukuu wangu ananiagizia hopsi Dar kwa simu yake. Zipo za kila aina, nyingine zinanuka embe, nyingine zinanuka sabuni, na vijana wanazisifu. Mimi narudi kwenye zilezile za laga, za pole, na nazitia mwisho, sufuria likishaepuliwa.

Nilidhani Yunisi anajua kuwa mashapo yale ninayo bado. Lakini siku ile, tulipokuwa tumekaa jikoni kwangu na chungu katikati yetu, alisema kwa huzuni kwamba mama yake aliacha kupika miaka mingi kabla ya kufa, na ile ndoo ilikauka, na chachu ya bibi yake ikaishia hapo. "Nimekuletea udongo tu, dada," alisema. Nilikwenda kabatini nikatoa mtungi wangu wa kioo, nikauweka mbele yake. Aliutazama, akanitazama mimi, akaufahamu polepole. Tukamimina mashapo kwenye chungu, tukatia uji wa vuguvugu na kimea, tukakifunika kwa ungo, tukakiweka juu ya ngata mbali na moto. Sikumwahidi kitu, kwa sababu kilikuwa kimekataa mara nyingi kwa mkono ulio bora kuliko wangu. Yeye akawatuma wajukuu nyumbani na gari, mkubwa wao akiendesha, akabaki.

Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya, nasi tulichambua maharage tukaongea habari za wakwe. Siku ya tatu asubuhi nilikuwa nakoroga uji wa kifungua kinywa. Yunisi alivua hereni, akapiga magoti kwa taabu, maana naye magoti yake si ya zamani, akaweka sikio kwenye mdomo wa chungu. Nikamuuliza kinasemaje. Alinyoosha tu mkono mmoja nyuma, akaupungia haraka haraka kuniita, akiwa bado ameinama na macho ameyafumba, na mimi nikaacha mwiko kwenye uji nikaenda kupiga magoti upande wa pili.